Kitenzi kilicho juu ya mshale: ramani ya dhana katika kukusanya mahitaji ya mfumo

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtengeneza programu, nimepewa kazi na chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga. Wanataka mfumo wa kupokea maziwa na kulipa wanachama. Nimewahoji watu 9 na nina kurasa 40 za maelezo, wote wakazisaini. Nilipowaonyesha sampuli ya kwanza ya mfumo, mwenyekiti alisema ni nzuri, karani wa mapokezi akasema hawezi kuitumia, mhasibu akasema wao hawalipi hivyo. Nimesikia kuna njia ya kuchora ramani ya dhana. Itanisaidia? Nianzie wapi, na nikishaichora natokaje kwenye mchoro hadi kwenye hifadhidata?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hali hiyo naijua vizuri: kurasa zimejaa, saini zipo, na bado mfumo haufai. Ndiyo, ramani ya dhana itakusaidia. Ila usiichukulie kama picha ya kupamba ripoti. Itakusaidia kwa sababu inamlazimu kila mtu aliyeketi mezani ataje kitenzi, na hapo kwenye kitenzi ndipo mahitaji ya mfumo wako, yaani yale unayopaswa kufanya, yalipojificha.

Njia hii ilizaliwa kutokana na shida inayofanana sana na yako. Mwaka 1972, katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, Joseph Novak na wenzake walikuwa wakifuatilia jinsi watoto wa shule wanavyoelewa sayansi kadiri wanavyokua. Waliwahoji watoto, wakarudi kuwahoji tena, hadi maandishi ya mahojiano yakawa mengi kiasi kwamba ikawa vigumu kuona ni nini hasa kimebadilika katika uelewa wa mtoto. Ndipo wakaanza kuyageuza mahojiano kuwa michoro: dhana ndani ya kisanduku, mshale kutoka dhana moja hadi nyingine, na juu ya mshale maneno yanayoziunganisha. Walijengea juu ya hoja ya mwanasaikolojia David Ausubel kwamba mtu hujifunza jambo jipya kwa kulifungamanisha na yale anayoyajua tayari. Baadaye taasisi ya utafiti ya IHMC iliyoko Pensacola, Florida, ilitengeneza programu ya CmapTools kwa ajili ya michoro hiyo, na watafiti wake, akiwamo Robert Hoffman, wakaitumia njia hii kuchota ujuzi wa watabiri wa hali ya hewa wa jeshi la majini: ujuzi ambao mtabiri huutumia kila siku lakini hajawahi kukaa akauandika. Karani wako wa mapokezi ni mtaalamu wa namna hiyohiyo.

Kabla hujashika kalamu, tofautisha vitu viwili vinavyochanganywa sana. Ipo ile michoro iliyoenezwa na Tony Buzan, yenye neno kuu katikati na matawi yanayotoka pande zote. Ni mizuri kwa kukumbuka na kupanga mawazo yako mwenyewe. Kwa kazi yako haitoshi, kwa kuwa mistari yake mara nyingi haina maneno yanayosema dhana mbili zinahusianaje. Ukichora MFUGAJI, kisha mstari, kisha MAZIWA, kila mmoja ataujaza mstari huo kichwani mwake anavyopenda, na wote watasema sawa. Katika ramani ya dhana mshale usio na neno ni mshale ambao haujamalizika. Dhana, kiungo, dhana: vitatu hivyo visomeke kama sentensi kamili ambayo mtu anaweza kusema "kweli" au "si kweli".

Sasa chukua sentensi ambayo naamini imo mahali fulani kwenye kurasa zako 40: "Mfugaji huleta maziwa kituoni, karani huyapima, na mfugaji hulipwa mwisho wa mwezi." Nani atakataa kuisaini? Hata mimi ningesaini. Ndiyo maana saini zao hazikukusaidia.

Nilipofanya kazi kama hiyo na kituo kimoja cha kukusanyia maziwa, niliandika MFUGAJI kwenye kikaratasi nikakibandika ukutani, nikaandika MAZIWA kwenye kingine, nikachora mshale katikati na kuuliza: hapa tuandike nini? Mhasibu akasema "huuza". Mfugaji mmoja aliyekuwepo akasema "hukamua". Karani, mama wa makamo aliyekaa kwenye mapokezi miaka mingi, akasema "huleta", halafu akanyamaza kidogo, akasema tena: "Lakini wanaoleta si wao. Wanaoleta ni watoto wakienda shule na vijana wa bodaboda. Wenye kadi wengine sijawaona tangu mwaka juzi."

Kile kikaratasi cha MFUGAJI tukakitoa ukutani. Badala yake tukabandika vinne: MWENYE KADI, MKAMUAJI, MLETA MAZIWA, MPOKEA FEDHA. Nikachora mshale kutoka MPOKEA FEDHA hadi MWENYE KADI, nikauliza kama huyo ni yuleyule. Wakatazamana. Ndipo yakaanza kutoka mambo ambayo hayakuwemo kwenye mahojiano hata moja. Ng'ombe ni wa baba na kadi ina jina la baba, lakini mama ndiye anayeamka alfajiri kukamua na kukata majani. Baadhi ya kina mama walikuwa wameomba fedha iingie kwenye simu zao. Kuna nyumba baba alikubali, kuna nyumba alikataa, na kuna moja ambayo baba alikuwa amefariki na kadi ikaendelea kutumika kwa jina lake kwa sababu hakuna aliyejua ibadilishwe vipi. Mfumo wangu wa kwanza, ule niliokuwa nimeuwazia kabla ya kikao, ulikuwa na jedwali moja la wafugaji lenye jina moja na namba moja ya simu. Ungemfuta yule mama kabisa. Naomba ulishike hili kwa uzito unaostahili, maana unachokichora kwenye karatasi kesho kitaamua fedha iingie simu ya nani.

Lugha yetu hapa ni neema kubwa, na nashangaa watu wanaofanya vikao hivi kwa Kiingereza mbele ya makarani wanaofikiri kwa Kiswahili siku nzima. Kitenzi cha Kiswahili kimebeba mtenda, wakati na mtendwa, na kiambishi kimoja kikibadilika mfumo mzima hubadilika. Mwanachama hulipwa, mwanachama hulipiwa. Hulipwa maana yake fedha inamfikia yeye. Hulipiwa maana yake chama kimempa duka la pembejeo fedha ya pumba na mashudu aliyokopa, au kimemlipa mhudumu aliyekuja kumhimilisha ng'ombe wake, na yeye anaiona kama makato tu. Mhasibu wako aliposema "hatulipi hivyo", kwa kukisia tu, nadhani alikuwa na hulipiwa kichwani na wewe ukampa hulipwa. Muulize.

Kauli ya kutendwa nayo ichunge. Mtu akikwambia "maziwa hukataliwa", usibandike bado. Na nani? Wapi? Kwa kipimo gani? Katika kile kituo tulikuta sehemu tatu za kukataa. Ya kwanza ni mlangoni: karani anatumbukiza laktomita, kifaa kinachoelea kupima uzito wa maziwa, na maziwa yaliyotiwa maji yanajionyesha, au anachanganya maziwa kidogo na alkoholi, na yaliyoanza kuchacha yanaganda. Ya pili ni kwenye tenki la kupozea, umeme ukikatika muda mrefu. Ya tatu ni kiwandani, gari likishafika, na hapo maziwa ya watu wengi yameshachanganyika. Hasara ya mlangoni ni ya aliyeleta, hilo halina ubishi. Ya tenki je? Ya kiwandani je? Nilipochora mshale kutoka HASARA YA KIWANDANI na kuuacha ukielea bila kisanduku cha kufikia, mwenyekiti akasema "ni ya chama". Mhasibu akasema kwa adabu kwamba mara ya mwisho ilikatwa kwa kila mwanachama kwa kadiri ya lita zake za siku ile. Wote wawili walikuwa wakweli: mmoja alisema kanuni inavyotaka, mwingine alisema ilivyofanyika. Tofauti hiyo si wewe wa kuitatua. Wewe iandike ukutani kwa rangi nyekundu na uwape nafasi waamue, kisha programu ifuate walichoamua.

Na hapo ndipo tulipogundua kwamba neno "kupokea", ambalo lilikuwa jina la skrini yangu ya kwanza, lilikuwa na maana mbili. Kwa karani maziwa yamepokelewa yakishapimwa na kuandikwa daftarini. Kwa dereva, yamepokelewa kiwanda kikishasaini. Neno moja, vitendo viwili, saa kadhaa katikati yake, na fedha inayobadilisha mmiliki ndani ya saa hizo. Nilivitenganisha nikavipa majina tofauti, nikitumia maneno waliyochagua wao.

Jambo jingine dogo lililoniokoa: maziwa hayana umoja. Huwezi kusema "ziwa moja" ukamaanisha maziwa ya mtu. Kwa hiyo uliza: kinachohesabiwa hapa ni nini? Nilidhani ni lita za mwanachama kwa siku. Karani akacheka, akanyoosha kidole kwenye keni zilizopangwa nje. Mleta maziwa mmoja anaweza kuja na keni mbili, ya usiku na ya asubuhi, moja ikapita na nyingine ikakataliwa. Kumbukumbu lazima iwe ya keni. Akaongeza kikaratasi cha JOTO karibu na LAKTOMITA kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kusoma laktomita bila kujua joto la maziwa kunadanganya: maziwa yaliyotoka kukamuliwa na yaliyolala usiku hayasomeki sawa. Mahitaji mawili ya mfumo kwa dakika tano, na aliyeyatoa ni mtu ambaye katika mahojiano ya kawaida alikuwa amejibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Sasa namna ya kuendesha kikao. Anza na swali elekezi moja, uliandike juu kabisa. "Mfumo wa maziwa ukoje?" ni swali pana mno. Andika hivi: "Tangu keni inapofika mlangoni hadi mwanachama anapopata fedha yake, nini kinayapata maziwa na nini kinaipata fedha?" Kila kikaratasi kinachopendekezwa kipimwe kwa swali hilo, na kisichohusu kikae pembeni, kisitupwe. Dhana 15 hadi 25 zinatosha kwa ramani moja. Zikizidi hapo, gawa ramani.

Kompyuta iache kwenye begi. Nasema hivi kwa msimamo, na CmapTools naipenda. Ukifungua kompyuta mbele ya watu, kalamu inakuwa yako peke yako, na wengine wanageuka watazamaji. Nunua manila kadi kubwa mbili au tatu, kata karatasi za kawaida vipande vinane, beba gundi ya karatasi na maka peni. Dhana ziandikwe kwenye vipande ili zihamishike. Mishale ichorwe kwa penseli kwanza. Mtu akisimama mwenyewe kwenda kuhamisha kikaratasi, kaa chini umwache.

Kuhusu mwenyekiti. Kwetu mzee akishasema, nani atampinga hadharani? Hilo ni adabu, na sikushauri uivunje. Nenda kwake kwanza, peke yako, umweleze unachotaka kufanya, umwombe afungue kikao na kisha awe wa mwisho kuzungumza. Wazee wengi hukubali ombi hilo kwa moyo mweupe, kwani ndivyo mabaraza yanavyoendeshwa. Kama unaona hata hivyo karani hatasema, chora ramani mbili: moja na karani na dereva, nyingine na mhasibu na mwenyekiti, kwa swali elekezi lilelile. Halafu zibandike moja ubavuni mwa nyingine. Hapo hakuna mtu anayempinga mtu, ni karatasi mbili tu zinazotofautiana, na mjadala unakuwa mwepesi. Na usikubali kikao kisicho na mwanamke anayekamua. Watakwambia wana kazi nyingi, na ni kweli, kwa hiyo panga saa inayowafaa wao.

Ramani ikishakaa, tafuta mishale inayoweza kuvuka kutoka upande mmoja wa ukuta hadi mwingine. Kila upande una mtu wake anayeujua, lakini ule mshale wa kuvuka mara nyingi hauna mwenyewe. Sisi tulikuwa na MHUDUMU WA MIFUGO kona ya juu kushoto, na MAPOKEZI chini kulia. Nikauliza kama kuna uhusiano wowote. Wakasema hakuna. Kisha yule mfugaji akauliza: "Na ng'ombe akichomwa antibiotiki?" Maziwa ya ng'ombe huyo hayatakiwi kuletwa hadi siku za dawa ziishe, na karani alikuwa akipata habari kwa kusikia tu, kutoka kwa jirani. Mshale ule mmoja, HUIZUIA kutoka TIBA hadi KENI, ukawa sehemu ya mfumo ambayo hata kwenye mkataba haikuwemo.

Sasa swali lako la mwisho, la kutoka ukutani hadi hifadhidata. Safari si ndefu unavyodhani. Peter Chen alipochapisha mwaka 1976 njia yake ya kuchora hifadhidata kwa vitu na mahusiano, alichokuwa akitenganisha ni nomino na vitenzi kwa namna yake. Dhana nyingi zitakuwa majedwali au safu za majedwali, na vitenzi vitakuwa mahusiano au matukio. Lakini usirukie huko moja kwa moja. Simama mbele ya kila mshale na uulize mambo matatu: ni lazima, au hutokea tu? Ni mmoja, au wengi? Na isipokuwa hivyo, nini kinafanyika? Chukua MWENYE KADI – humteua – MPOKEA FEDHA. Je, ni lazima amteue? Hapana, asipomteua analipwa yeye. Anaweza kuteua wangapi? Walisema mmoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha katikati ya mwezi? Malipo ya mwezi huo yanafuata uteuzi wa siku ya kufunga hesabu, na mabadiliko yanatunzwa pamoja na tarehe na jina la aliyeyaingiza. Umeshapata jedwali la uteuzi lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, umepata kanuni ya malipo, na umepata sentensi ya kuandika kwenye waraka wa mahitaji ambayo karani anaweza kuisoma na kuikubali kwa kuielewa. Mpe kila mshale namba, na namba hiyo iandamane na hitaji hadi kwenye majaribio ya programu. Siku mtu akiuliza "hili mlilitoa wapi?", unamwonyesha mshale namba 14.

Kuna vitu ramani haitakupa. Haionyeshi vizuri nini kinatangulia nini, kwa hiyo hatua za siku zichore kando kama mtiririko wa kazi. Haikwambii ni keni ngapi zinafika kwa saa moja ya asubuhi wala mtandao unapotea mara ngapi, hayo nenda ukahesabu kwa macho. Na haikwambii kipi kitengenezwe kwanza.

Kurasa zako 40 usizitupe. Leo usiku toa sehemu inayohusu malipo pekee, ugeuze kila sentensi kuwa dhana, kiungo na dhana, na pale unapokosa kitenzi acha mshale mtupu. Nakisia utakuwa na mishale mitupu mingi, na hiyo ndiyo orodha ya maswali yako. Mpelekee karani peke yake kwanza. Usiende alfajiri, atakuwa na foleni mlangoni na laktomita mkononi. Nenda saa 4 asubuhi, gari likiwa limeshaondoka na keni zimeshaoshwa.